Hela ya wajumbe

Leicester, Jumapili usiku

Baba, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza kwenye basi nikitoka zamu, nikaurudia jikoni. Sisi hatujambo, baridi tumeizoea. Hela ya dawa ya macho na ya bati za jiko la Mama nimeituma tangu Ijumaa kwa namba ya Mwanaidi, siyo ya Shabani. Sababu unaijua.

Sasa hilo la milioni mbili za kuwapa wajumbe wa chama wanaopiga kura za kumteua mgombea. Shabani kuchukua fomu ya udiwani sina neno. Lakini wewe, Baba, kunitamkia kwamba wajumbe siku hizi hawaendi bila chai? Nilikuwa darasa la pili nikikariri ahadi za mwana-TANU barazani huku unanyoa ndevu. Ya nne: rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa. Nikiruka "wala kutoa" unanirudisha mwanzo. Leo hiyo "wala kutoa" umeiruka wewe. Na usiniambie ni takrima, ule ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Waliiingiza kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000, Mahakama Kuu ikaifuta 2006.

Halafu kuna lile la mabanda. Sijawahi kulisema. Kiwanja cha nyuma ulikuwa nacho, matofali Mama alishafyatua. Ila ulikuwa katibu wa chama, na miiko ya Azimio la Arusha haikumruhusu kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, wala mishahara miwili, wala hisa. Baba Mdogo hakuwa na cheo, akajenga vyumba sita, wanawe wakasoma kwa kodi za wapangaji. Mimi nikakaa nyumbani mwaka mzima kwa kukosa ada, na bado nikaimba na chipukizi wenzangu mpaka sauti ikakauka. Kisha 1991 Halmashauri Kuu ikakaa Zanzibar, miiko ikalegezwa, ya nyumba za kupangisha ikiwemo. Ulizima redio, ukatoka kwenda kuyatazama yale matofali. Mvua ilikuwa imeshayala.

Kuna mzee ninayemhudumia hapa, alikuwa mchimba makaa ya mawe. Kadi yake ya Labour, chama cha wafanyakazi cha huku Uingereza, anaitunza kwenye mkebe wa biskuti, kama wewe unavyozifunga zako za TANU na ya CCM ya 1977 kwenye nailoni. Nyuma yake kimeandikwa kifungu cha nne cha katiba yao, cha 1918, kinachotaka njia za uzalishaji mali ziwe za umma. Nikamwambia hilo si Azimio la Arusha hilo! Mwaka 1995, chini ya Tony Blair, kikaandikwa upya na maneno hayo yakaondolewa. Nikamuuliza mbona hukurudisha kadi? Akasema wanachama wa tawi ndio waliomzika mkewe. Nikanyamaza, maana nawakumbuka kwa majina waliochimba kaburi la Bibi, na wote walitoka tawini kwako.

Kwa hiyo sikuambii urudishe kadi.

Na kwa taarifa yako, funguo za nyumba nimeshakabidhiwa! Vyumba vitatu, bustani nyuma, mkopo wa benki lakini jina ni langu. Mwambie Baba Mdogo, tena mwambie mbele ya watu. Chumba cha juu nimempangisha kijana wa Kigoma anayesoma. Napokea kodi, na mishahara yangu ni miwili. Kwa miiko yenu nisingefaa hata ubalozi wa nyumba kumi.

Juzi nikifungua sanduku nilikuta ile khanga ya kijani ya Mama. Nikajifunga, nikasonga ugali, nikajikuta nasema "Kidumu!" peke yangu jikoni. Kijana wa Kigoma akaitikia kutoka juu. Tulicheka, kisha mimi nikalia kidogo.

Shabani nitampa laki mbili za kuchapisha picha na nauli ya kuzunguka vijijini, na anitumie risiti. Ya wajumbe sitoi. Hiyo milioni mbili ninayo, nisikufiche. Mwite fundi apime kiwanja cha nyuma. Aanze na vyumba vinne, vya tofali za saruji. Hati iandikwe jina la Mama.

Binti yako,
Zaituni