Kadi zenu bado ziko kwangu

Wanangu,

Wiki mbili zilizopita mlikuja nyumbani mkanikabidhi bahasha yenye kadi 17 za uanachama wa chama chetu cha wafanyakazi. Mliniomba niipeleke ofisi ya tawi kwa kuwa mimi ni mzee, nafahamika, na hakuna atakayethubutu kunifokea. Mmoja wenu alikuwa ameikata kadi yake kwa mkasi kabla ya kuitia ndani. Niliviona vipande vilipoanguka mezani, chenye picha huku, chenye sahihi kule. Sikuwajibu siku ile, kwa sababu mliyosema yalikuwa kweli na nilihitaji muda. Leo najibu, na nimechagua kujibu hadharani, maana najua wanaowaza kama ninyi ni wengi kuliko 17.

Mlisema viongozi wanakula ada zenu. Wapo wanaokula. Mlisema katibu anayepaswa kubanana na mwajiri mezani ndiye anayeonekana ndani ya gari la mwajiri akienda semina. Hilo nami nimeliona kwa macho yangu. Mlisema siku hizi uchaguzi ni kupanga safu, fomu zinafichwa halafu tunatangaziwa kuwa fulani amepita bila kupingwa. Sina la kukanusha. Mzee anayewaambia vijana wameona vibaya hali wameona sawasawa anawavunjia heshima, na mimi nawaheshimu.

Ila kuna neno mliliacha mlangoni mkiwa mnavaa viatu, nalo limeninyima usingizi. Mlisema, "Mzee, wewe ulikuwa wa enzi za watu safi."

Nisikilizeni. Mwaka mmoja, nikiwa mjumbe wa kamati ya tawi, mwenzetu mmoja wa mashine ya kukata aliachishwa kazi kwa sababu alidai glavu. Shauri lake lilikuwa jepesi, barua zilikuwepo na mashahidi walikuwepo. Alikuja ofisini mara nne kuulizia wakili, na mara nne akaambiwa chama hakina fedha, asubiri. Akasubiri hadi muda wa kufungua shauri ukapita.

Miezi michache baadaye tukaitwa kikaoni kupokea taarifa ya mapato na matumizi. Karatasi ya posho ilianza kuzunguka kabla mwenyekiti hajafungua kikao. Unasaini, unapewa bahasha, unamsogezea wa pili. Yangu ilikuwa imeshaingia mfuko wa shati wakati mtunza hazina anasimama kusoma. Alisoma kwa kasi, macho hayainuki. Nakala za taarifa zilikuwa tatu tu kwa chumba kizima, na zikakusanywa mara tu baada ya kusomwa. Moja ilipita mbele yangu nikaishika kwa muda wa kutosha kuona mistari miwili. Mmoja uliandikwa "Msaada wa kisheria kwa wanachama", na kwenye safu ya fedha palikuwa na kistari tu. Chini yake paliandikwa "Gharama nyinginezo", na kiasi cha hapo kingewalipia mawakili watu kumi kama yule mwenzetu.

Mwenyekiti akauliza nani anatoa hoja taarifa ipokelewe. Mjumbe wa mbele akatoa. Nani anaunga mkono? Pakawa kimya. Mwenyekiti akanitazama mimi.

Nikasema, "Naunga mkono."

Maneno hayo mawili yako kwenye muhtasari wa kikao kile hadi leo, na jina langu liko pembeni yake. Sikuiba. Zaidi ya posho hakuna fedha ya chama iliyonigusa, na posho ilikuwa halali kwa kanuni zetu. Lakini aliyeiba alihitaji mtu wa kuyatamka maneno yale, akanipata mimi. Mwaka uliofuata nilikutana na yule mwenzetu njiani. Alinisalimia kwa adabu zote, akaniuliza shauri lake limefikia wapi. Kumbe hakujua kwamba muda ulishakwisha, hakuna aliyemwambia. Na mimi sikumwambia. Nilimjibu tunalifuatilia.

Kwa hiyo enzi za watu safi hazikuwepo. Palikuwa na watu, na palikuwa na maswali, na siku maswali yalipokoma ndipo mambo yalipoharibika. Naikumbuka hata namna yalivyokoma. Zamani ada ilikusanywa mkononi. Siku ya mshahara mkusanyaji wa tawi alizunguka na kitabu cha stakabadhi, na kila alipofika aliulizwa, ya mwezi uliopita mmefanyia nini? Asiye na jibu aliondoka mikono mitupu. Kazi ile ilichosha, na mwajiri akitaka kutudhoofisha alimzuia mkusanyaji getini, basi tukapigania ada ikatwe moja kwa moja kwenye mshahara. Tukashinda, tukashangilia. Hatukuona kwamba kuanzia siku ile fedha ingefika makao makuu iwe kuna jibu au hakuna. Kiongozi akajikuta anamhitaji karani wa mishahara wa mwajiri kuliko anavyomhitaji mwanachama. Simaanishi makato yafutwe. Namaanisha yule mkusanyaji alipoacha kuja, sisi ndio tulipaswa kumfuata na swali letu, na hatukumfuata.

Hapo ndipo mwajiri alipopata mlango, na huu ndio ulaji unaoniuma kuliko wote. Fedha ikiibwa kwenye mfuko, angalau unaweza kuihesabu. Kiongozi akinunuliwa na mwajiri, unaipata hasara kwenye mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, kifungu kwa kifungu, kwa miaka yote ya mkataba, bila hata kujua ulichonyang'anywa. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 98 wa mwaka 1949 uliliona hilo mapema. Unahesabu kuwa ni uingiliaji mwajiri anapokitegemeza chama kwa fedha au kwa njia nyingine kwa nia ya kukiweka chini yake. Haukusema bahasha peke yake. Tiketi ya semina ni njia nyingine, na mtoto wa katibu kupewa ajira ni njia nyingine.

Msidhani haya ni ya vyama vidogo. Kule Marekani, chama cha wafanyakazi wa magari, United Auto Workers, kilisifiwa kwa miongo mingi kwa usafi wake. Mwaka 2020 watu wawili waliopokezana urais wa chama hicho, Dennis Williams na Gary Jones, walikiri makosa mahakamani, na baadaye wakafungwa. Fedha za wanachama zilikuwa zimelipia nyumba za kifahari za mapumziko, gofu na sigara za anasa. Katika kashfa hiyohiyo, maofisa wa kampuni ya Fiat Chrysler waliwahonga viongozi wa chama kupitia kituo cha mafunzo ya wafanyakazi. Kituo cha mafunzo! Niliposoma hilo nikalikumbuka lile gari la semina.

Sasa tazameni wanachama wale walifanya nini. Mwaka 2021 walipiga kura wakaamua kwamba rais wa chama atachaguliwa na kila mwanachama moja kwa moja, badala ya wajumbe wa mkutano mkuu ambao ni rahisi kuwapanga. Mwaka 2023 wakamweka Shawn Fain kwa njia hiyo, na mwaka huohuo wakagoma kwa takriban wiki sita dhidi ya kampuni tatu kubwa kwa mpigo, wakarudi na nyongeza ya mshahara ya asilimia 25 katika kipindi cha mkataba. Sitawaficha kilichofuata. Mwaka 2024 msimamizi aliyewekwa na mahakama alisema anauchunguza uongozi huo mpya pia, Fain akiwemo. Hayo nayaandika makusudi, ili asiwepo kati yenu anayefikiri tunatafuta malaika wa kumkabidhi funguo turudi kulala.

Na kama mnaona yenu yamezidi, nitawapa kisa kizito zaidi. Mwaka 1969 Joseph Yablonski aligombea urais wa chama cha wachimbaji wa hukohuko Marekani, United Mine Workers, dhidi ya Tony Boyle. Alishindwa katika uchaguzi uliojaa hila, akaupinga. Tarehe 31 Desemba mwaka huo aliuawa kwa risasi nyumbani kwake, pamoja na mkewe na binti yao. Boyle alitiwa hatiani mwaka 1974 kwa kuamuru mauaji yale, na waliotumwa walilipwa kwa fedha zilizochotwa kwenye chama. Ada ya wachimbaji ndiyo iliyomuua mchimbaji mwenzao. Kama wapo watu duniani waliokuwa na haki ya kukata kadi kwa mkasi, ni wale. Wao wakaanza kujipanga msibani. Waliunda kundi lao, Miners for Democracy, mahakama ikaufuta uchaguzi ule, na Desemba 1972 Arnold Miller, mchimbaji ambaye mapafu yake yaliharibiwa na vumbi la makaa, akamshinda Boyle kwa kura. Baada ya hapo mkataba wa kazi ukaanza kupigiwa kura na wachimbaji wenyewe.

Mtaniuliza, serikali iko wapi, si ingewakamata tu? Akiiba, akamatwe kama mwizi mwingine yeyote, hilo sibishani nalo. Lakini kuna Mkataba namba 87 wa mwaka 1948 wa Shirika lilelile la Kazi Duniani unaosema vyama vina haki ya kuandika katiba zake, kuchagua viongozi wake kwa uhuru na kuendesha shughuli zake, na mamlaka zijizuie kuingilia. Wazee wetu waliutaka uhuru huo kwa sababu walijua serikali inayoingia chamani kwa kisingizio cha kusafisha aghalabu haitoki. Basi uhuru huo ukishapatikana, ulinzi wa mfuko unabaki kwa nani? Kwa wanachama. Na mwanachama anayerudisha kadi amemrudishia mlaji kiti chake, amemwondolea jicho moja. Mkiondoka 17 wenye hasira, wanaobaki ni wale wanaosema naunga mkono. Wakati mwingine hata fedha yenu haitaondoka nanyi, maana pako pengi ambapo asiye mwanachama hukatwa ada ya uwakala kwa kufaidi mkataba uleule. Mtakatwa, na kura hamtakuwa nayo.

Nawaomba, kabla ya lolote, mtafute katiba ya chama muisome yote. Nina hakika kati yenu hayupo aliyeisoma. Tafuteni kifungu cha ukaguzi wa hesabu, kifungu cha akidi, yaani idadi ya wajumbe inayofanya kikao kiwe halali, na kile kinachosema wanachama wangapi wanatosha kuitisha mkutano wa dharura. Kisha pelekeni maswali yenu kwa maandishi kabla ya kikao, mkachukue nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Swali la mdomo hujibiwa kwa mzaha. Ombeni kuona hati za malipo na marejesho ya masurufu, yaani fedha watu walizokabidhiwa kwa kazi za chama, jina kwa jina, nani alichukua na nani hajarejesha, na ile "Gharama nyinginezo" ifunguliwe. Mkikataliwa, semeni kukataliwa kwenyewe kuandikwe kwenye muhtasari. Na posho isisainiwe kabla taarifa ya fedha haijajadiliwa. Hilo mnaweza kuonwa wakorofi kwa ajili yake, vumilieni.

Msikimbilie uenyekiti. Kila ninapoona vijana wanataka kusafisha chama wanagombea kiti cha juu, wanaangushwa, wanakata tamaa. Gombeeni udhamini na kamati ya fedha, nafasi ambazo hakuna anayezililia kwa sababu hazina gari. Hapo ndipo vitabu vilipo.

Msimwite mtu mwizi kabla hamjashika karatasi. Mkikosea mmoja, wengine tisa watajificha nyuma yake. Wala msipeleke malalamiko ya chama kwa mwajiri hata kama atawasikiliza kwa upole sana. Atawasikiliza, naye ana sababu zake.

Jambo moja linanipa hofu, acheni niliseme peke yake. Wa kwanza kutafutwa atakuwa msemaji wenu. Mnamjua, yule mwenye ulimi mwepesi, nami nampenda. Ataitwa faragha, ataahidiwa cheo, au ataambiwa mama yake anaumwa na chama kingependa kusaidia. Msimwache aende peke yake. Kila mazungumzo na uongozi au na mwajiri muende wawili au watatu, mkitoka wenzenu waambiwe siku hiyohiyo. Fanyeni hivyo kwa kumlinda, wala asione anashukiwa. Mimi sikuwa na mtu wa kukaa kando yangu siku ile mwenyekiti aliponitazama. Pengine mwenzangu mmoja tu angenikanyaga mguu chini ya meza, yule mtu wa mashine ya kukata angepata wakili.

Kikao cha taarifa ya fedha cha tawi kimetangazwa, nami kama mstaafu ninaruhusiwa kuhudhuria bila kura. Nitakuwepo. Nitaomba nafasi na kuyaeleza haya niliyoyaandika hapa, pamoja na ule muhtasari wenye jina langu, mbele ya hao ambao wengine nilikaa nao meza moja.

Bahasha yenu sijaipeleka ofisini. Iko kabatini, kadi 16 nzima na moja niliyoibandika kwa gundi na gundi imeonekana kidogo kwenye sahihi. Anayetaka kurudisha yake baada ya kikao, aje aichukue akairudishe kwa mkono wake, sitamzuia. Wengine njooni mzichukue mapema, mlangoni pa kikao huwa wanaziangalia.

Mzee wenu,
katibu mstaafu wa tawi