Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: Mto Umba, mikoko ya mpakani na nguva

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

Mto Umba unaanzia kwenye misitu ya milima ya Usambara, wilayani Lushoto. Unateremka nyikani kwa takriban kilomita 200, unavuka mpaka na kumwaga maji yake baharini Vanga, Kenya. Udongo unaomomonyoka upande wa Tanzania unatua kwenye mikoko ya upande wa Kenya. Mkondo wa bahari nao unaelekea kaskazini mwaka mzima, na mbegu za mikoko ya Moa na Jasini, upande wa Tanzania, huelea nao hadi Vanga na Shimoni. Hapa hakuna serikali inayoweza kuponya eneo lake peke yake, na ndiyo maana tunakuandikia wewe, Arusha.

Tuanze na mchanga. Mchu, aina mojawapo ya mikoko, hupumua kwa mizizi midogo inayosimama juu ya tope, mingi yake haizidi urefu wa kiganja. Sentimita 10 za mchanga mpya zinatosha kuudhoofisha, na zikizidi hapo mti hukauka ukiwa umesimama. Mashapo ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 yaliua mikoko katika hori kadhaa (mikono ya bahari inayoingia nchi kavu) za pwani ya Kenya, Mwache ikiwemo. Mvua kama hizo zitarudi. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kanuni za maji za Kenya zinaweka kati ya mita 6 na 30. Mto ni mmoja, kingo zake zina vipimo viwili, na mkulima anayelima hadi majini haulizwi na yeyote. Tunaomba kipimo kimoja kwa Umba nzima, kiwe kile cha mita 60, na kiendane na msaada wa matuta ya fanya juu, yaani ya udongo unaotupwa upande wa juu wa mtaro, na nyasi za kushika udongo kwa wakulima wa miteremko ya juu. Kumwondoa mtu kando ya mto bila kumsaidia kulima vizuri mlimani ni kuuhamisha mmomonyoko tu.

Nchi hizi mbili zilitia saini makubaliano ya kusimamia pamoja maziwa ya Chala na Jipe na Mto Umba mwaka 2013. Msingi upo. Kinachokosekana ni kipimo kinachosomwa na pande zote. Vyuma vyembamba vikipigiliwa katika tope la mlango wa mto, na urefu unaobaki juu ukapimwa kila bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, vitaonyesha mchanga umepanda kwa kiasi gani na baada ya mvua ipi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya warsha moja.

Sasa upandaji, ambako ndiko fedha nyingi hupotelea. Mbegu ya mkoko, hapa tukimaanisha aina moja yenye jina hilo, ni ndefu na rahisi: huchomekwa theluthi moja ardhini, mita moja kwa mita moja, miche 10,000 kwa hekta, na picha hupigwa siku hiyohiyo. Urahisi huo umeharibu kazi. Ukanda wa mbele unaopigwa na mawimbi ni wa mlilana, aina nyingine ya mikoko. Nyuma yake ndipo mkoko na muia, kisha mkandaa, na mchu huonekana kotekote, mbele kwenye mchanga na nyuma karibu na nchi kavu. Mkoko ukipandwa mbele hung'olewa na mawimbi, au viumbe vya maganda hujiganda shinani hadi mche unalala. Kibaya zaidi ni kupanda chini ya kimo cha wastani cha bahari, kwenye fungu la mchanga ambalo halina mwenyewe wa kulalamika. Pale mche huzama saa nyingi mno na kufa, na mara nyingi fungu hilo lilikuwa tayari na nyasi bahari, yaani malisho ya nguva, mnyama wa baharini anayenyonyesha. Wafadhili hulipa kwa idadi ya miche iliyopandwa. Wangelipa kwa miti iliyo hai baada ya miaka mitatu, makosa haya yangekoma.

Kazi sahihi huanza na maji. Kwenye shamba la chumvi lililoachwa, bomoa tuta pale ulipopita mkondo wa zamani, si popote, uache maji ya bamvua yaingie na kutoka hadi chumvi ipungue. Ngoja msimu mmoja wa mbegu. Zikija zenyewe, usipande kitu. Zisipokuja, chukua mbegu za hori hiyohiyo: za mkoko ziwe zimekomaa, shingo yake imegeuka manjano, na hazina tundu la mdudu. Za mchu ziloweke usiku kucha hadi ganda litoke, kisha zikae kitaluni miezi mitatu au minne.

Jumuiya za vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu, upande wa Kenya, zinalinda zaidi ya hekta 460 za mikoko na kuuza haki za hewa ukaa ambayo mikoko hiyo huihifadhi. Ni kazi ya kuheshimiwa, lakini ulinzi ukikaza upande mmoja, shoka la kukata boriti na mapau huvuka mpaka. Doria za Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania na za Huduma ya Misitu Kenya zinapaswa kupangwa pamoja, kwa ratiba moja ya maji kujaa na kupwa.

Kuhusu nguva hali ni mbaya. Desemba 2022, nguva wa Afrika Mashariki waliorodheshwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, wakiwa na wakubwa wa kuzaa wasiofika 250 pwani nzima. Jike hubeba mimba zaidi ya mwaka, huzaa mtoto mmoja, na huweza kukaa miaka mitatu hadi saba kabla ya kuzaa tena. Hata katika mazingira bora, idadi yao haiongezeki zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka. Kwa hiyo jarife moja, yaani wavu wa matundu makubwa, lililolazwa usiku kwenye nyasi bahari linaweza kufuta ongezeko la miaka. Nguva lazima apande kuvuta hewa kila baada ya dakika chache, na akinaswa hafi kwa jeraha, hufa kwa kuzama.

Anayemnasa hunyamaza kwa sababu sheria za pande zote mbili zinamlinda mnyama huyo, naye anaogopa kushtakiwa. Tunaomba utaratibu mmoja: anayetoa taarifa saa ileile asishtakiwe, akate wavu, amshike nguva pua yake ikiwa juu ya maji, na kamwe asimburute kwa mkia. Jarife liondolewe kwenye malisho yaliyochorwa kwenye ramani moja, na mvuvi apewe zana mbadala kabla ya katazo kuanza. Wavuvi wa dago, yaani wanaopiga kambi ugenini, kutoka Pemba hufuata samaki hadi Kwale. Kwa vile uvuvi si jambo la Muungano, wizara ya Zanzibar iitwe mezani tangu mwanzo. Ikiachwa, makubaliano yatavuja.

Ushirikiano wa namna hii umefaulu ndani ya Jumuiya yetu. Katika milima ya Virunga, walinzi wa Kongo, Rwanda na Uganda walifanya doria za pamoja na kuhesabu sokwe kwa njia moja. Idadi ilipanda kutoka takriban 254 mwaka 1981 hadi 604 katika hesabu ya 2015 na 2016, na mwaka 2018 sokwe wa milimani wakashushwa daraja moja la hatari. Walipigwa na vita katikati, lakini walirudi kuhesabu pamoja.

Mheshimiwa, tunakuomba uitishe kikao cha wasimamizi wa mabonde ya maji, misitu, uvuvi na wanyamapori wa Kenya, Tanzania Bara na Zanzibar, na kikutane Vanga au Mkinga badala ya hotelini. Kikifanyika Januari, vyuma vya kupimia mchanga vitakuwa vimesimama kabla maji ya masika hayajashuka.

Wako,
Watu wa mikoko wa pande zote mbili za mpaka