Risala ya Kamati ya Michezo ya Shule za Sekondari kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Mashindano ya UMISSETA Ngazi ya Wilaya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya,
Katibu Tawala wa Wilaya,
Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri,
Waheshimiwa Madiwani,
Afisa Elimu Sekondari na Afisa Michezo,
Wakuu wa shule, walimu wa michezo, wazazi na wanahabari,
Wanamichezo wetu,
Itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa niaba ya kamati, walimu na wanafunzi waliojaa uwanjani hapa, tunakushukuru kwa kukubali kuja kutufungia mashindano. Risala nyingi unazosomewa huanza na historia ya taasisi, zikapita kwenye mafanikio, zikatua kwenye upungufu wa matundu ya vyoo. Yetu haina historia ndefu, na vyoo tumewaachia wenzetu wa miundombinu. Tumekuja na jambo moja tu: watoto hawa wanacheza, wanashinda na wanashindwa, lakini hakuna mahali panapoandikwa kwamba walicheza.

Utuwie radhi kwa hili linalofuata. Habari ya uwanja huu itakayosomwa redioni kesho tunaweza kuitunga sasa hivi, kabla hujasimama kuzungumza. Itaanza: “Mkuu wa Wilaya awataka wanafunzi kujiepusha na makundi mabaya.” Aya ya pili itaeleza kwamba ulisema hayo wakati ukifunga mashindano. Ya tatu itakuwa ya Afisa Elimu akikushukuru, na ya nne ya mkuu wa shule akiomba mipira na jezi. Nani alichukua kombe la netiboli, fainali ya soka iliishaje, bao lilifungwa na nani na dakika ya ngapi, hayo yatakuwa kwenye sentensi ya mwisho, ile ambayo mhariri huikata nafasi ikibana. Picha itakuwa yako, Mheshimiwa, ukipiga mpira wa ufunguzi ukiwa na viatu vya ngozi. Tunakupenda na picha hiyo tutaihifadhi, ila aliyefunga mabao matatu kwenye nusu fainali hatakuwamo.

Hatusemi haya kuwalaumu wanahabari. Waliopo hapa leo wengi ni waandishi wa kujitegemea wanaolipwa kwa habari iliyotoka, siyo kwa habari waliyoifuata. Mwandishi wa namna hiyo anajilipia bodaboda mpaka huku, na anajua kwamba habari yenye jina la kiongozi ina nafasi kubwa ya kupokelewa kuliko ile ya kidato cha tatu kuwafunga kidato cha nne wa shule ya jirani. Ukurasa wa michezo nao una wenyewe. Simba na Yanga wakicheza, hata mazoezi ya Jumanne yana nafasi yake. Kwa hiyo mwandishi anachukua kilicho rahisi kuuzika, nasi waandaaji tunamrahisishia zaidi: tunampa kiti karibu na meza kuu, tunampa nakala ya hotuba, na hakuna anayempa karatasi ya matokeo. Mara nyingi karatasi yenyewe haipo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapo kwenye karatasi ndipo tunapoomba utusikilize kwa makini.

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, mwanariadha wetu Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Nusu karne imepita na Mtanzania yeyote anayefuatilia riadha anaweza kukutajia muda huo mpaka kwenye nukta. Mguu ulikuwa wa Bayi, lakini palikuwa na mtu mwenye saa, mwingine mwenye kalamu, na mwingine aliyetangaza. Kama asingekuwepo yeyote kati ya hao watatu, leo tungekuwa tunabishana vijiweni kama kweli alikuwa na kasi kiasi hicho.

Wiki hii, kwenye uwanja huu huu, msichana wa kidato cha pili kutoka moja ya shule zetu za kata ameshinda mita 1,500 akiwa pekupeku. Aliwaacha wenzake mbali kiasi cha kupata wasaa wa kugeuka na kuwatazama wakija. Muda wake tuliupima kwa simu ya mwalimu. Je, amempita mshindi wa mwaka jana? Hakuna anayejua, maana muda wa mwaka jana ulibaki kwenye simu ya mwalimu ambaye sasa amehamishiwa mkoa mwingine. Ndivyo tunavyochagua timu ya wilaya, Mheshimiwa: kwa macho na kwa kumbukumbu za walimu. Mwalimu mwenye sauti kubwa kwenye kikao cha uteuzi ana faida kuliko mkimbiaji mwenye mguu mwepesi. Mtoto akishatoka wilayani, iwe kwa kuhama au kwa kumaliza kidato cha nne, akifika kwenye klabu au chuo akaulizwa amewahi kufanya nini, jibu lake halina hata mstari mmoja wenye mhuri.

Wapo wazazi humu ambao wana kisa kama hicho. Mashindano ya shule yaliposimamishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha yakarejeshwa, kumbukumbu kidogo zilizokuwepo zilipotea kabisa. Mtu anawaambia wanawe kwamba alicheza wingi ya kulia katika timu ya mkoa, nao wanacheka.

Liko pia suala la mamluki, yaani wachezaji wasiostahili kuchezea shule, ambalo kila mwaka hutuletea rufaa, vikao vya usiku na uadui kati ya shule na shule. Tumejaribu kukagua vyeti vya kuzaliwa, tumejaribu kukagua namba za usajili, na bado kuna timu inamleta kijana mwenye ndevu ikasema ni wa kidato cha kwanza. Kwa maoni ya kamati, dawa iliyobaki ni mwanga. Orodha ya wachezaji ikibandikwa mapema kwenye mbao za matangazo za kata, yenye jina, shule na kidato, na kikosi kikasomwa redioni siku ya mechi, wananchi watatusaidia ukaguzi bila posho. Yupo mama atakayesema: “Huyu si ndiye aliyenipeleka sokoni jana na bodaboda yake?” Udanganyifu unastawi kwetu kwa sababu hakuna anayetazama zaidi ya sisi wenyewe, na sisi wenyewe ndio wenye timu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mtu anaweza kusema watoto wakifanya makubwa watatangazwa tu. Ni kweli, wakishafika mbali. Mwaka 2022 Serengeti Girls walipofika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17 nchini India, baada ya kuifunga Ufaransa, nchi nzima iliwajua. Mwaka 2023 wasichana wa shule ya Fountain Gate ya Dodoma walipotwaa ubingwa wa Afrika wa soka la shule kule Durban, walipewa kurasa na salamu za pongezi. Ni haki yao. Lakini mtoto hafiki Durban akitokea hewani. Kabla ya huko kuna mechi za darasa, za kata, za wilaya, zinazochezwa saa kumi jioni kwenye uwanja wenye kichuguu, na hatua hizo zote zinapita kimya. Fainali za kitaifa za miaka ya karibuni, za Mtwara, Tabora na Iringa, angalau zilipata kamera. Ngazi ya wilaya, ambako ndiko wengi wanaachwa, kamera haifiki mpaka aje mgeni rasmi. Wenzetu wa Kenya na Uganda magazeti yao huripoti mechi za shule kwa majina ya wafungaji, na mchezaji anaingia klabu akiwa ameshajulikana. Sisi tunamgundua upya kila mara.

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo tumeijadili kwenye kamati kwa ukali kidogo. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza watahiniwa bora na shule bora, na mwenzetu mmoja aliuliza: kama taifa limeona kuwapanga watoto kwa majina hakuna tija, kwa nini sisi tunataka kuwapanga kwa mabao? Swali zuri. Jibu tulilofikia ni kwamba mtihani hufanywa ndani ya chumba, na alama ni za mtahiniwa mwenyewe. Mechi huchezwa mbele ya umati, na matokeo yake ni ya wazi tangu filimbi ya mwisho. Tunachoomba ni yaandikwe sawasawa. Hata hivyo tumekubaliana na mwenzetu kwa sehemu. Hawa ni watoto, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Jina, shule na alichokifanya uwanjani vinatosha. Anakoishi, namba ya simu ya mzazi, habari za familia yake na picha ya mtoto akilia baada ya kukosa penalti havina kazi kwenye habari ya michezo. Mzazi naye aulizwe kabla ya mwanawe kuhojiwa.

Baada ya hayo, maombi yetu, Mheshimiwa, na mengi hayana gharama.

Tunaomba uelekeze kuwepo kwa daftari la matokeo la wilaya, litunzwe na ofisi ya Afisa Michezo na siyo na mwalimu mmoja mmoja, liwe na matokeo ya kila mchezo kuanzia ngazi ya kata, yakiwa na tarehe, waamuzi, wafungaji, muda na urefu. Mwalimu akihama, daftari libaki. Nakala iende kila shule na mkoani.

Tunaomba Kitengo cha Mawasiliano cha Halmashauri, kinapoandika taarifa kwa vyombo vya habari, kiweke matokeo kwenye aya ya kwanza na nasaha za viongozi kwenye zinazofuata. Hili tunakuomba wewe hasa, kwa sababu hakuna afisa habari atakayethubutu kukushusha aya ya tatu bila wewe mwenyewe kumruhusu.

Redio jamii yetu tunaiomba nusu saa kwa juma katika msimu wa mashindano. Hatutaki watume mtangazaji. Tunao wanafunzi wenye sauti na ufasaha ambao mpaka sasa wanatangaza mechi kwa kopo badala ya kipaza sauti, na wamejizolea wasikilizaji hapo upande wa miembeni. Wapewe nafasi, mwalimu mmoja asimamie.

Vyeti navyo. Cheti kinachosema tu “alishiriki” hakimsaidii mtoto. Kiandikwe alichokifanya, kisainiwe, kigongwe mhuri, kiwe na namba inayolingana na ukurasa wa daftari ili klabu au chuo kikitaka kuhakiki kipige simu wilayani.

Na walimu wa michezo, Mheshimiwa, wale wanaobaki uwanjani mpaka giza kisha wanaulizwa kesho yake kwa nini andalio la somo halijakamilika: kazi yao ihesabiwe. Wakuu wa shule wakubali iingie kwenye majukumu yanayopimwa katika PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, kwa sababu kwa sasa mwalimu anayepeleka timu mkoani anaonekana kwenye mfumo kama mtu asiyekuwepo kazini.

Kwa waandishi mliopo, ombi dogo. Kabla ya kumfuata Mgeni Rasmi na vinasa sauti vyenu, wapitieni manahodha wawili wa fainali, wako kushoto kwa jukwaa wakiwa bado na jezi. Mgeni Rasmi ana gari, hatapotea. Manahodha wakishapanda lori la kurudi shuleni hamtawapata tena.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, safari hii tumejitahidi. Karatasi ya matokeo ya mashindano yote iko mezani mbele yako, imesainiwa na waamuzi na Afisa Michezo, na nakala za wanahabari ziko kwa katibu wa kamati. Imebaki nafasi ya sahihi yako pale chini. Tunakuomba uisaini kwanza, ndipo ukabidhi vikombe na utupe nasaha zako, ambazo tutazisikiliza kwa utulivu.

Naomba kuwasilisha.