Barua kwa mwanangu anayetaka kisu bila makaratasi

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, nikaurudia. Umeamua kusomea upasuaji wa moyo, na nimefurahi kuliko unavyodhani. Lakini ile sentensi ya mwisho ndiyo iliyonikalisha chini kuandika: kwamba wewe unataka kisu tu, na mambo ya utafiti na kufundisha utawaachia maprofesa, maana foleni ya wagonjwa ni ndefu. Nakujibu hadharani kwa sababu hauko peke yako. Katika miaka yangu ya unesi thieta, maneno hayo nimeyasikia kwa vijana wengi, tena wenye mikono mizuri.

Nataka nikueleze habari za Magdi Yacoub, mpasuaji wa moyo. Alizaliwa mwaka 1935 Bilbeis, Misri, mtoto wa daktari wa upasuaji. Shangazi yake alifariki akiwa bado kijana kwa sababu valvu ya mitrali, yaani mlango wa damu kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo, ilikuwa imebana. Yacoub amesema mara nyingi kwamba kifo kile ndicho kilichompeleka kwenye moyo. Wewe huyo shangazi unamjua. Ndiye yule msichana uliyemwona wodini, mjamzito, ambaye usiku halali bali anakaa, kwa kuwa akilala anakosa pumzi. Alipokuwa mtoto aliumwa mafindofindo, hakuna aliyejali. Ikaja homa na maumivu ya viungo, ikapita. Valvu ikabaki na kovu, na kila mwaka kovu likazidi kuwa gumu, mpaka mimba ikaja kudai damu ambayo mlango ule hauwezi kuipitisha.

Yacoub alihitimu Chuo Kikuu cha Cairo mwaka 1957, akaenda Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960, akafanya kazi chini ya mpasuaji wa moyo Donald Ross jijini London, akapita Chicago kufundisha, na mwaka 1969 akaanza kazi Harefield. Hospitali hiyo iko kijijini, pembezoni mwa London. Ilianza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwa kuuguza wanajeshi wa Australia, baadaye ikawa ya wagonjwa wa kifua kikuu. Hapo ndipo alipoanza kupandikiza mioyo mwaka 1980, wakati madaktari wengi Uingereza walikuwa bado wanaitilia shaka kazi hiyo. Mmoja wa wagonjwa wake, aliyepandikizwa mwaka 1982, aliishi na moyo ule zaidi ya miaka 30. Mwaka 1986 akawa profesa, na hakuacha kisu. Yote hayo utayapata ukitafuta, na sitaki uyakariri. Ninachotaka ukitazame kwa makini ni kitu kimoja alichokifanya kuhusu valvu ya aota, mlango wa mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni kwenda mwilini.

Unajua tatizo lilivyo. Valvu ya aota ikiharibika, ukiweka ya chuma, mgonjwa atameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote. Atapimwa damu mara kwa mara: dozi ikizidi anavuja damu, ikipungua damu inaganda kwenye valvu. Kwa binti anayetaka kuzaa, dawa hiyo hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ukiweka valvu ya mnyama, hahitaji warfarini maisha yote, ila kwa kijana inachoka mapema. Ross alikuwa na njia ya tatu, aliyoianza mwaka 1967: unachukua valvu ya mgonjwa mwenyewe, ile inayoelekea mapafuni, unaihamishia kwenye aota, na kule ilikotoka unaweka valvu iliyotolewa kwa marehemu. Upande wa mapafu msukumo wa damu ni mdogo, kwa hiyo valvu ya kupewa inadumu zaidi. Ile iliyohamishwa iko hai. Kwa mtoto, inakua naye.

Inavutia kuisikia, na inatisha kuifanya. Unagusa valvu mbili kwa ajili ya ugonjwa wa valvu moja, na mishipa inayolisha moyo wenyewe inabidi uikate na kuishona upya. Wapasuaji wengi waliikataa, na sababu zao zilikuwa za maana. Yacoub angeweza kuwajibu kwa kusema "njooni mtazame mikono yangu". Hakufanya hivyo. Kuanzia mwaka 1994 aliwagawa wagonjwa wake kwa bahati nasibu: hawa wapate upasuaji wa Ross, hawa wapate valvu ya marehemu kwenye aota. Kisha wakafuatiliwa mwaka baada ya mwaka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la kitabibu la Lancet: wagonjwa 216, nusu kwa nusu. Baada ya miaka 10, waliokuwa hai kundi la Ross ni asilimia 97, kundi la pili asilimia 83.

Nakuomba utulie hapo. Karibu watu wote wale walitoka hospitalini wakiwa wameshonwa na mpasuaji mmoja, hodari kuliko wengi. Siku ya kuruhusiwa hakuna ambaye angeweza kukuonyesha tofauti kati yao. Thieta ilishapiga makofi kwa wote. Tofauti ilikuwa ndani ya muda, na wasingekuwepo watu wa kupiga simu, kufungua faili na kuhesabu waliokufa, isingejulikana kamwe. Kitu hicho ndicho wewe unachokiita makaratasi. Mimi nakiita kumjali mgonjwa baada ya kidonda kufunga. (Na ndiyo, wapo waliosema matokeo yale ni ya mikono ya mtu mmoja, wengine wasitegemee kuyapata. Hoja hiyo ni nzuri. Wameweza kuitoa kwa sababu yeye alizianika hesabu zake.)

Kuna na kisa cha mtoto wa miaka 2. Mwaka 1995 moyo wake ulikuwa umeshindwa kabisa. Yacoub hakuutoa, alipandikiza wa pili kando yake. Miaka ikapita. Dawa za kuzuia mwili usiukatae moyo mgeni zikamletea mtoto saratani, zikapunguzwa, na mwili ukaanza kuukataa ule moyo. Lakini wakati huohuo vipimo vilionyesha kwamba moyo wake wa kuzaliwa, uliokuwa umepumzishwa miaka yote ile, umepata nguvu. Mwaka 2006 Yacoub, aliyekwisha kustaafu, aliitwa kuwashauri wenzake wakautoa moyo wa kupandikizwa. Mtoto akabaki na wake. Mwaka huohuo yeye na wenzake walichapisha kazi ya wagonjwa 15 waliowekewa pampu ya kuusaidia moyo na kupewa dawa maalumu. 11 kati yao mioyo yao ilipona kiasi cha kuondolewa pampu. Zamani tulifundishwa kwamba moyo uliochoka namna ile haurudi.

Sasa turudi kwetu. Upasuaji wa moyo Muhimbili ulianza mwaka 2008, na tangu 2015 tuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Watoto ambao zamani tungewapeleka India wanatibiwa Dar es Salaam. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini msichana wa Sumbawanga aliyewekewa valvu ya chuma, akarudi kijijini, akaolewa: anapimwa damu wapi? Alipopata mimba nani alimshauri kuhusu warfarini? Je, ile njia ya Ross inamfaa mtu ambaye homa iliyoharibu valvu ya kwanza inaweza kurudi na kuila ya pili? Kwa huyo, ukiacha sindano ya penisilini ya kila mwezi, inayozuia homa hiyo isirudi, ikatike, kazi yako nzuri ya thieta itaharibika. Majibu hayo London hawana, kwa kuwa wagonjwa hawa kwao wamebaki wachache. Atakayewafuatilia ni wewe.

Yacoub mwenyewe alilielewa hilo. Kituo alichokianzisha Aswan mwaka 2009, kusini kabisa mwa Misri, kinatibu bure, na pamoja na thieta kina maabara. Wametafiti jeni za Wamisri wanaougua kunenepa kwa misuli ya moyo, maana sehemu kubwa ya yaliyojulikana ilitoka kwa Wazungu.

Sikudanganyi kuhusu muda. Ubingwa wa upasuaji, kisha ubingwa bobezi, na tasnifu juu yake: wenzako watakuwa wamejenga nyumba wakati wewe bado unashika ndoano za kufungulia kifua. Chagua hata hivyo msimamizi anayeweza kukuonyesha daftari la wagonjwa wake wa miaka 5 iliyopita, wakiwemo waliofariki. Ukifika kwenye usaili, muulize hilo kwa adabu. Na kuanzia wiki hii, kila mgonjwa wa valvu unayemhudumia, andika namba yake ya simu, ya jirani na ya mwenyekiti wa kijiji, kwa ruhusa yake.

Mama yako ana wasiwasi na hiyo miaka. Nitazungumza naye mimi. Maombi yakifunguliwa nitumie kiasi cha ada, usimsumbue.

Mama yako mdogo