Data za Kiswahili tuzichange pamoja

Mhariri, naomba nafasi. Kwenye hii akili mnemba, inayojifunza lugha kwa data, yaani maandishi na sauti zetu, naona kila nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) inahangaika kivyake wakati Kiswahili ni chetu wote, Mombasa mpaka Lubumbashi, sasa kwa nini tusichange? Kuna Masakhane, mtandao wa teknolojia ya lugha za Afrika, toka 2019 watafiti wa Afrika wanashirikiana waziwazi, na kwenye Common Voice, mradi wa kukusanya sauti wa Mozilla, watu wamejirekodi kwa Kiswahili bure na yeyote anaruhusiwa kuzitumia sauti hizo. Serikali zetu nane nazo zitoe rekodi za mabunge na redio za taifa, tena kumbukumbu ya nani katoa nini ikae kwenye blokicheni, yaani daftari la kidijitali la pamoja, kila nchi na nakala yake, asiwepo wa kufuta kimyakimya. Mtu wa Bukavu kule Kongo naye aeleweke na mashine jamani, sio lafudhi ya Dar tu.

Msomaji wenu, Tanga