Tupime habari kwa ushahidi, si kwa chama

Mhariri,

Inasikitisha kuona wafuasi wa vyama vinavyopingana wakikataa hata kusoma gazeti la upande wa pili, huku kila mmoja akidai kuwa chombo anachokifuata yeye ndicho pekee cha kuaminika. Nchini Marekani, kanuni ya mwaka 1949 iliyovitaka vituo vya redio na televisheni kutoa nafasi kwa maoni yanayopingana ilifutwa mwaka 1987, na baada ya hapo vipindi vinavyoegemea upande mmoja vilistawi mno. Kwangu mimi, swali la msingi ni hili: chombo kinapokosea, je, husahihisha waziwazi, tena pale pale habari ilipotokea, au hulificha sahihisho ukurasa wa ndani kwa maandishi madogo? Naliomba gazeti lako lichapishe masahihisho yake ukurasa wa mbele.

Msomaji wako