Samaki changu, bei yake utaijua ukishamla

Ndugu Mhariri, pole na kazi. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, na mgahawa wenyewe siutaji maana huu mchezo wa kuficha bei ya samaki hauko pale tu.

Wikiendi tulimtoa mama mkwe, kaja kutoka Tanga, tukampeleka sehemu nzuri tu upande wa Mikocheni akale samaki. Menyu ikaja, chipsi zina bei, kuku ana bei, mpaka maji yana bei, ukifika kwa changu mzima wa kuchoma pameandikwa "kulingana na saizi". Namuuliza mhudumu huyo wa saizi ya kati shilingi ngapi, ananijibu usijali bosi, hawa wametoka soko la samaki Feri leo asubuhi. Mi sijauliza wametoka wapi, nimeuliza bei!

Tukakaa saa nzima na ushee, watoto wamemaliza soda wameanza kusinzia, mziki uko juu mpaka mnaongea kwa kupiga kelele kama mko stendi. Samaki anakuja ngozi imeungua, ndani kwenye mwiba bado wa baridi, yani katoka kwenye friza akarukia jikoni. Mama mkwe hakusema neno, kamgeuza kwa kidole, kamsogeza pembeni, akamalizia ugali wake na kachumbari. Kwa mtu wa Tanga hiyo ni hukumu tosha.

Bili sasa, changu mmoja 48,000, na juu yake sevisi chaji asilimia 10, sijui ya sevisi ipi. Nadai risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, naambiwa mashine haina mtandao, kile kikaratasi cha bili ndo wanataka nitoke nacho, wakati sheria inanibana hata mimi mnunuzi nisipodai risiti. Nikasema nasubiri, mbona ilitoka fasta. Meneja akaniahidi juisi ya bure siku nikirudi, sijui nani kamwambia narudi.

Sikatai samaki kuuzwa kwa saizi, bahari haitoi changu wa kipimo kimoja. Lakini pale Feri kwenyewe samaki ananadiwa mbele ya macho yako, unamfunua mashavu uone kama bado mekundu, bei inatajwa, hutaki unaacha. Hata wachoma samaki wa mtaani wanakupangia mezani, huyu elfu kumi huyu kumi na tano, chagua. Mgahawa wenye kiyoyozi unashindwaje kumleta mbichi kwenye sinia, akapimwa, bei ikatajwa ndo akaenda kwenye moto? Na kama ni wa friza semeni ni wa friza, hamna ubaya, ila myeyusheni mapema.

Watu wa FCC, Tume ya Ushindani, tunawasikia sana kwenye bidhaa feki. Jioni moja wapite na huku kwenye menyu, waagize changu.

Msomaji wako,
Sinza, Dar es Salaam